Bamama ya Ku Mulango

Mi hapana mutu ya kuogopa bure. Ile uweke ku kichwa kwanza, juu ndani ya habari hii nitaogopa toka mwanzo paka mwisho, na sitaki kesho uende kusema Bilonda ni mwoga. Nilizaliwa Likasi, baba yangu alitoka Kasai kuchimba mukuba, ile shaba, nikakomaa katikati ya kaka zangu, na hakuna hata moya kati yao sijamupiga. Kuogopa nilijifunza Kolwezi.

Balinituma kule ile myaka majina ya ubatizo ilikatazwa na bote tulikuwa citoyen na citoyenne. Docta mukubwa ya Likasi aliniita, akasema: "Bilonda, kuko materinite kidogo Kolwezi, haina mwenye kuzalisha. Unaenda." Basi. Bwana yangu alishakufa, mutoto sikuwa naye, nani angelia? Mama yangu njo alilia. Akanifungia unga ya bukari na samaki ya chumvi, sawa vile Kolwezi bantu banakulaka majani, na akanipa shauri moya tu: "Usicheke na bwana ya mutu."

Nilishuka ku treni na valizi yangu. Mwanaume moya akanibebea. Akauliza naenda wapi, nikamwambia, akaitua valizi chini palepale.

"Kwa fasi ya mama Godelieve?"

"Godelieve gani?"

"Eh," akasema. Akainua valizi, akatembea mbio mbele yangu paka tulifika. Hata asante yangu hakuingojea.

Mwenye kuniambia alikuwa Tshilombo, mama ya kufagia pale materinite, mutu ya maneno mingi na roho muzuri. "Mama Godelieve alikuwa infirmière, muuguzi, mbele yako," akasema. "Muke moya alimufia ku mikono, na mutoto ndani. Jamaa yake bakakuya na hasira. Unaona madirisha?" Niliona. Dirisha moya tu ilikuwa na kioo, zingine zilizibwa na karton. "Alikimbia paka ku treni na kiatu moya. Sasa yuko Lubudi, analima mihogo." Akafagia kidogo. "Lakini weye usiogope, mama Bilonda."

Aksanti sana! Toka ile siku, kila sirene ya mine ya mukuba ikilia, moyo yangu inaruka. Nilisukuma kitanda yangu mbali na dirisha. Na biatu byangu nilibiweka karibu na mulango, yote mbili, juu mi sikutaka kufika Lubudi na moya.

Bamuke ba kwanza balizaa muzuri, kila moya akaenda kwao na mutoto wake, nikaanza kupata usingizi. Halafu Tshibola akaletwa.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, kila mutu matope paka ku magoti. Tshibola alikuwa mutoto bado, mimba ya kwanza, mwembamba sawa mutoto ya shule, na tumbo kubwa mbele. Uchungu ilimushika toka jana, nyumbani. Bwana yake, Kabongo, alikuwa kazini ku mine. Mwenye kumuleta ni mama mukwe yake, mama Ngeleka, na nyuma ya mama Ngeleka bamama bengine ba mutaa, bitambala ku kichwa, sura imefungwa. Habakuingia. Bakakaa chini ku mulango, bakanyoosha miguu. Na mi, mutoto ya Kasai, nikajua palepale ni mambo gani ilileta bale bamama.

Nikueleze. Kwetu, muke akichelewa kuzaa, banasemaka alilala na bwana ingine na anaficha. Mutoto hawezi kutoka paka mama yake ataje jina. Basi bamama bakubwa banakaa ku mulango, banangojea jina. Hakuna dawa, hakuna kisu, hakuna gari, paka jina kwanza. Juu ukimubeba na jina iko bado ndani, banasema, unabeba maiti.

Yaya yangu Valérie, dada yangu mukubwa, balimukalia vile. Aliapa hana mwanaume mwingine, aliapa kwa Bikira Maria, aliapa kwa kaburi ya baba, paka sauti ikaisha. Mi nilikuwa kasichana, nilisimama ku dirisha, nikamuona. Balimuzika pamoja na mutoto, na paka leo Likasi utasikia banasema: ule alikufa na jina ndani ya kinywa. Njo maana nilisoma kazi ya kuzalisha. Na njo maana, kuona bale bamama bananyoosha miguu ku mulango yangu, nilienda mbio ku kitanda ya Tshibola.

Nikamupima Tshibola. Kichwa ya mutoto kubwa, mifupa ya mama nyembamba, fasi ya kupitia hakuna. Pale infirmière hawezi kitu, ni docta na kisu, kule lopitalo kubwa. Nikaweka ile pembe ya mbao ku tumbo, nikasikiliza moyo ya mutoto. Ilikuwa inapiga bado muzuri. Nikamutuma Tshilombo mbio aende kupiga simu, aombe ambulansi.

"Tshibola," nikamwambia ku sikio. "Utapasuliwa. Utapona. Mutoto vilevile. Tunaenda."

Akanishika mukono na kucha. "Habatakubali, mama. Banataka jina. Na mi sina jina, niko na Kabongo tu. Nitaje nani?"

"Usitaje mutu."

"Nikitaja ya uwongo, mutoto atakufa?"

Nikamupangusa jasho, nikatoka inje, na nikasema kwa sauti kubwa kupita woga yangu: "Bamama, huyu anaenda lopitalo kubwa. Simameni, munisaidie kumubeba."

Hakuna hata moya alisimama. Mama Ngeleka akanitazama toka biatu paka ku kitambala. Alikuwa mama ya heshima, rozari ku shingo, mutu ya kukaa kiti ya mbele ku kanisa.

"Infirmière," akasema pole pole, "kwenu ni wapi?"

"Likasi, mama."

"Na bazazi?"

"Kasai."

"Basi unajua. Mwenye kuficha uchi hazai. Ataje kwanza, halafu utamubeba hata Kinshasa ukitaka."

"Mama, ni mifupa tu. Kichwa ya mutoto ni kubwa, na mifupa yake..."

"Mifupa!" Bamama bakacheka, lakini sura haikucheka. "Hata mama Godelieve alituambia mifupa," moya akasema. Na akageuza kichwa, akatazama ile dirisha moya yenye kioo. Akaitazama muda murefu.

Nikarudi ndani. Tshilombo akaingia na pumzi juu, amelowa. Ambulansi haiko, ilienda Mutshatsha na haijarudi. "Lakini kuko kamiyo kubwa ya makala ya kupikia ku barabara," akasema. "Nimeongea na shofere, atamubeba. Ila anasema hatangoja, matope itamushika." Nikaweka tena pembe ku tumbo. Moyo ya mutoto ilikuwa inapiga, inangoja, inapiga. Kungoja kulikuwa kurefu.

Sasa nikuambie woga ni nini. Woga ni mukojo kukutoka kidogo, muke muzima, na umevaa tabliye nyeupe ya kazi. Nilifikiri biatu byangu. Eeh, nilibifikiri! Niliona mulango ya nyuma, nikaona treni, nikajiona Lubudi nalima mihogo na mama Godelieve, tunaulizana habari ya madirisha. Na palepale Tshibola akaanza kuapa. Aliapa kwa Bikira Maria. Aliapa kwa baba yake. Na sauti yake ilikuwa inaisha, mama yangu eh, inaisha vilevile sawa ile ya Valérie, neno kwa neno.

Hasira ikanipanda. Woga haikutoka, usidanganyike, ilibaki pale pale, lakini hasira ikaikalia juu. Nikafungua mulango kwa nguvu, ikagonga ukuta.

"Bon!" nikasema. "Tufanye mambo ya bankambo, babu zetu. Lakini tufanye yote, hapana nusu. Kwetu Likasi muzazi hataji peke yake. Mama mwenye kukaa ku mulango, na yeye anataja mwanaume mwenye anaficha. Juu mwenye kukaa ku mulango njo anafunga njia. Jina ikibaki ndani ya kinywa yake, ile njo inaua muzazi na mutoto. Mweye munamuuliza Tshibola toka asubuhi, alishaapa. Sasa ni zamu yenu. Tunaanza na nani?"

Bakatazamana.

Uwongo! Uwongo mutupu! Hakuna desturi ile Likasi, hakuna Kasai, hakuna fasi yote chini ya jua. Niliitunga pale, mikono imelowa, na kila neno nilisema niliogopa bankambo banasikia. Usinicheke, hata mi naamini kidogo.

Basi moya akakumbuka sombe, mboga yake. "Eh, niliacha sombe ku moto!" Akasimama, akafunga kitenge, akaenda. Mwingine mutoto wake alikuwa na homa, ilimurudia ku kichwa sasa hivi. Mwingine hakusema hata kitu, alivuta miguu, akashika njia. Ule mwenye kutazama dirisha alienda mbio kupita bote. Kufumba na kufumbua, mulango ilibaki na mama Ngeleka peke yake, ameketi ndani ya matope, na yeye hawezi kwenda, ni mukwe.

Bidole byake bilikuwa bimeshika rozari lakini habikutembea. Ndani Tshibola akalia tena.

"Infirmière," mama Ngeleka akasema. "Kuya hapa."

Nikachuchumaa. Akanishika shingo, akavuta kichwa yangu, na akaniwekea jina ya mwanaume ku sikio. Ile jina sitaitaja, usiniulize. Halafu akasema: "Kabongo hapana wa Tshimanga. Ni wa ule." Tshimanga njo bwana yake, mwenye alizeeka naye. Machozi ilikuwa inamutoka bila sauti. "Ni mi naua huyu mutoto, infirmière? Ni mi?"

Mi nilitaka tu atoke ku njia. Sikutaka ile kitu ndani ya sikio yangu! Lakini kamiyo ilikuwa inapiga honi.

"Simama, mama," nikasema. "Mubebe."

Akasimama. Akamubeba Tshibola ku mabega, mi ku miguu, Tshilombo katikati, na tukamupandisha juu ya mifuko ya makala, shofere akafunika na turubai. Mama Ngeleka aliweka kichwa ya muke ya mutoto wake ku mapaja yake, na njia yote alikuwa anasema "pole, mama yangu, pole, mama yangu", sawa vile Tshibola alikuwa mama yake wa kumuzaa. Kamiyo ilikuwa inateleza huku na kule. Niliweka pembe ku tumbo, nikasikia moteri tu. Nikaweka tena, moteri. Halafu nikaiacha, kwani niliogopa kusikiliza.

Tulifika bote weusi ti, hata macho. Docta hakuuliza kitu, akatazama, akasema ku meza ya kupasulia. Bakafunga mulango. Tukakaa ku benchi, mi na mama Ngeleka, mikono yetu inachafua ukuta. Sikuomba Mungu, nilisahau namna ya kuomba. Nilikuwa namuona Valérie tu.

Mutoto alilia kwanza. Mwanaume, na koo ya sirene. Nyuma kidogo docta akatoka, akasema mama na yeye yuko, analala. Nililia pale ku benchi paka makala ikanitiririka ku shingo.

Mama Ngeleka hakulia. Akafunga kitenge yake vizuri, akasema: "Basi naenda kumwambia tata Tshimanga."

"Kumwambia nini?"

"Ile jina. Kumwambia weye peke yako haitoshi, unajua. Bwana asiposikia, mutoto atakufa mbele kitovu hakijaanguka." Akainuka ku benchi. "Atanifukuza. Lakini mutoto ataishi."

Maria! Woga ya asubuhi ilikuwa ya kupigwa mawe. Hii ilikuwa ingine. Niliona ule muzee amesimama ku mulango yake, nikaona Kabongo anarudi kazini, anakuta hana baba. Yote juu ya kinywa yangu.

"Mama, kaa," nikasema. "Likasi hakuna desturi ile. Niliitunga."

Akanitazama.

"Niliitunga, mama. Ni mifupa tu. Toka mwanzo ilikuwa mifupa. Usiende kusema kitu."

Mukono yake ikapanda. Nikafunga macho, nikangojea kofi. Kofi haikukuya. Nilipofungua macho, ile mukono ilikuwa bado juu, nyeusi na makala.

"Ulitunga," akasema. "Na mi nikatoa kitu ya maisha yangu yote."

"Ndiyo, mama. Musikilize mwenye analia ndani."

Akashusha mukono, akatoka, akaenda kwa miguu ndani ya matope, peke yake.

Nikarudi ku materinite na nikangojea. Kila mutu akipita karibu na dirisha ya kioo, natoka jasho. Kama mama Ngeleka alisema kwa bale bamama kwamba nilibacheka, kwamba nilichezea desturi, nimekwisha. Mara moya nikasikia mutu anabisha, nikavaa biatu kwanza. Alikuwa tata Tshimanga. Mwenyewe! Na kuku ku mukono, kofia chini, anakuya kunishukuru. "Mujukuu yangu ni muzima, mama infirmière," akasema. "Na masikio yake, uliangalia? Ni yangu haya, haya haya." Akageuza kichwa nione. Niliangalia masikio yake, nikasema ndiyo tata, ni yenyewe, na kuku ilinitoka ku mikono mara mbili. Kumbe mama Ngeleka hakumwambia.

Mvua ikaisha, vumbi ikaanza, na siku moya Kanku akaletwa. Na yeye mimba ya kwanza, na yeye uchungu murefu. Hapa njia ilikuwa iko, ilihitaji nguvu na muda tu, lakini Kanku alikuwa anajikaza kwa woga, anakataa kusukuma, anaita mama yake. "Mama iko wapi? Niitie mama!" Nikafungua mulango nimuite.

Hakukuwa mutu. Pale fasi bamama banakalaka, vumbi tu. Bote balikuwa ngambo ya barabara, bamesimama ku kivuli ya ukuta ya duka, na mama ya Kanku mbele yao, anakamua kitambala yake sawa nguo ya kufua.

"Mama!" nikapaza sauti. "Kuya umushike mutoto wako!"

"Nitamuua, infirmière!" akajibu, analia. "Siwezi kusogea ku mulango! Mwenye jina ndani ya kinywa anafunga njia, mutaa yote ya Manika inajua!"

"Nani alikuambia ile?"

"Ni desturi ya Likasi! Mama Ngeleka alitufundisha!"

Nikasimama katikati ya barabara. Nyuma yangu Kanku alikuwa analia mama, na mbele yangu mama alikuwa analia Kanku. Nilikuwa na neno ya kumuvusha: ni uwongo, mama, pita. Na nikisema ile neno, kesho balebale banarudi kunyoosha miguu, na Tshibola ingine anaapa paka sauti inaisha. Nikinyamaza, huyu anazaa peke yake sawa yatima. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na mutoto alikuwa anakuya, hakunipa muda.

Halafu mama Ngeleka akatoka nyuma ya bamama. Rozari ku shingo, kitenge imefungwa ngumu. Akavuka barabara, pole pole, mbele ya macho ya bote. Mutu akashika kinywa. "Ngeleka! Hauogopi?"

"Mi yangu nilishatoa," akasema, na hakugeuka.

Alipofika kwangu hakusimama. Ila nilisikia, chini chini, kwa mi peke yangu: "Ile uwongo yako usiiguse. Iache pale iko."

Akaingia. Akapanda ku kitanda nyuma ya Kanku, akamuegemesha ku kifua yake, akamushika mikono yote mbili.

"Sukuma, mwanangu," akamwambia. "Hapa hakuna mutu atakuuliza kitu."